Kigoda cha Kwanza na Suruali ya Baba Mkwe

Wanangu mnaokuja hapa kwangu Buswelu na simu mkononi, mkishanipa shikamoo swali lenu huwa ni moja: mzee, tunataka kujifunza kuchonga, tuanze na nini? Jibu langu mnalijua na hamlipendi. Anzeni na jiwe la kunolea. Mnatazamana, mnacheka chini chini, mnadhani mzee anawazungusha ili mchoke mwondoke. Sivyo. Mimi nilinoa wiki tatu kabla sijaruhusiwa kugusa hata kipande cha kuni, na sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, mke, watoto wawili na ndevu.

Swali lenu la pili huwa ni la ile suruali. Imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa karakana, rangi ya maziwa, kiuno kipana, na nyuma ina duara jeusi lililofifia, ukubwa wa sahani. Kila mgeni anauliza ni ya nani, nami huwa nasema ni kifaa cha kazi kama tezo na patasi. Leo mvua imetufungia ndani, basi nitawaambia yote.

Kabla ya kuchonga nilikuwa mtu wa kiwanda. Nilisimamia mashine ya kusokota nyuzi kwenye kiwanda cha nguo hapa Mwanza, na nilijiona nimefika. Zikaja zile enzi za ruksa, biashara zikafunguliwa, na mitumba ikaanza kushuka mjini kwa marobota. Watu walifurahi, na mimi nilifurahi pia, nilinunua koti zuri sana. Sikujua kwamba koti lile lilikuwa linanifukuza kazi. Siku moja tulikuta karatasi ya majina imebandikwa getini, na langu lilikuwa la kumi na nne. Hatukuambiwa tumefukuzwa, tuliambiwa tumepunguzwa, lakini nyumbani ugali haukujua tofauti.

Mke wangu Leah ni mtu wa Magu, na baba yake, Mzee Nkwabi, alikuwa mkulima wa pamba na mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Habari za getini zilipomfikia aliniita, akaniweka mbele yake, akasema, "Mabula, nina shamba nimeliacha pori. Pamba hii ikishavunwa nitakuja Mwanza kutembea. Nikikuta una kazi ya mikono yako, nitashukuru Mungu. Nikikuta huna, mtafunga mizigo mje mlime hapa."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yalichoma. Nyie mmezaliwa mjini, pengine hamlijui jambo hili. Kwetu Wasukuma mwanamume kwenda kuishi ukweni, akala kwa mama mkwe na kuchunga ng'ombe wa baba mkwe, ni aibu inayotembea na mtu mpaka kaburini. Hata watoto wangu wangetaniwa kwa ajili hiyo. Nilijibu "Ndiyo, baba," nikarudi Mwanza na miezi sita mkononi, bila kujua nitaitumiaje.

Nilizunguka mji mpaka soli zikaisha. Siku moja nikajikuta Kirumba, kule mwaloni mitumbwi inaposhusha dagaa na sangara, na pembeni ya vibanda nikamwona mzee mmoja wa Ukerewe akichonga kasia. Aliitwa Mzee Majura. Tezo yake ilipanda na kushuka bila haraka, na kila iliposhuka liliruka ganda jembamba. Nilisimama pale mpaka jua likanihama upande mmoja wa uso kwenda wa pili. Mwisho akauliza bila kunitazama, "Wewe ni mnunuzi au ni mlingoti?"

Nikamwambia nilikuwa kiwandani, nimepunguzwa. Akacheka sana. Tangu siku ile hakuniita jina langu, aliniita Kiwanda. Kiwanda, lete maji. Kiwanda, noa.

Ndipo zikaja zile wiki tatu. Alinipa patasi moja yenye makali kama kijiko, na jiwe, na kopo la maji. Kipimo chake cha ukali kilikuwa nywele za mkono: chombo kisichonyoa nywele hakigusi mti. Nilinoa na kujaribu, nikanoa na kujaribu, mpaka mkono wangu wa kushoto ukawa laini kuliko wa mtoto mchanga. Leah aliutazama tukiwa tunakula akaniuliza kama nimepata ugonjwa ninaomficha. Lakini sikilizeni, patasi butu ndiyo inayokata watu. Butu unaisukuma kwa nguvu, inateleza, inakuja kwako. Hili kovu la kidole gumba nililipata siku niliyoona uvivu kunoa. Na mkono unaoshika mti usikae mbele ya patasi hata kama unakata kidogo tu. Kidogo tu ndiyo iliyonichana.

Baada ya jiwe nilipewa mwiko. Mwiko wa ugali, wanangu, ndio shule ya msingi ya kazi hii, si simba wala twiga. Nilipokuwa nikikata, mti ulikuwa ukinyanyuka na kuchanika, nami nikazidi kupiga. Mzee Majura akanishika mkono. "Umewahi kumpapasa mbuzi?" akauliza. "Ukimpapasa kuelekea mkiani, anatulia. Ukirudi kichwani, manyoya yanasimama. Sasa tafuta mkia wa huo mti." Tangu hapo kila nikipata kipande cha mti nakigeuza kwanza, natazama nyuzi zake zinalala wapi. Mwiko wangu wa kwanza uliosalimika Leah aliusongea ugali miaka minane.

Simba nilimchonga kwa siri, nikitaka kumshangaza mzee. Alimgeuza, akamwinua juu kwenye mwanga, akasema, "Nguruwe huyu amefiwa na nani?" Leah alimtumia kuzuilia mlango, na alizuia vizuri.

Sasa nakuja kwenye kosa. Miaka ile watalii walikuwa wameanza kuonekana mjini wakipita kwenda mbugani, na palikuwa na mchuuzi mmoja aliyekuwa anakusanya vinyago na kuwauzia. Alipita kwetu akatuambia wageni hawataki mti mweupe, wanataka mpingo. Mpingo kwetu haupatikani hivi hivi, na ni mgumu kama chuma. Mchuuzi akacheka, akatoa mfukoni kopo la rangi nyeusi ya viatu. Chonga mti wowote mwepesi, akasema, upake hii, usugue kwa kitambaa, mzungu hatajua mpaka afike kwao. Mzee Majura alitema mate pembeni akaendelea na kasia lake. Mimi nilisikiliza kwa makini.

Pasaka ilikuwa inakaribia, na tungeenda Magu kusalimia. Nikawaza, nikimpelekea baba mkwe kigoda cha mpingo nilichochonga kwa mikono yangu, hata hataona haja ya kusubiri mavuno. Nilipata gogo la mjakaranda lililokatwa kando ya barabara, nikachonga kigoda cha miguu mitatu. Niwaambie ukweli, kwa umbo hakikuwa kibaya. Nikakipaka rangi ya viatu mara nne. Kiling'aa mpaka Leah akajitazama ndani yake akarekebisha kilemba. Kisha akagusa, akatazama kidole chake, akaniuliza, "Baba Shija, hii imekauka kweli?"

"Itakauka njiani," nikamjibu.

Asubuhi ya Pasaka baba mkwe alitoka nje amevaa suti yake ya rangi ya maziwa, yenye koti fupi la kuishia kiunoni, ile aliyoivaa mara mbili tu kwa mwaka. Nilipiga goti, nikamkabidhi kigoda kwa mikono miwili. Akakizungusha. "Mpingo?" akauliza. Nikasema, "Mpingo, baba." Nilimdanganya hivyo mbele ya mke wangu na mama yake. Akatabasamu kidogo, akakiweka uani penye jua, akaketi, akanywa chai yake yote na kumega viazi, na mimi nikasimama pembeni nikihesabu kila funda.

Kisha kengele ikalia, tukaondoka kwenda kanisani. Kwa heshima mkwe hutembea nyuma, kwa hiyo baba mkwe alitangulia na mimi nikafuata. Kabla hatujatoka kwenye uzio nikaliona. Duara jeusi, safi, limekaa katikati ya suruali ile nyeupe kama muhuri wa serikali.

Wanangu, ile njia ya kanisani ni mwendo wa nusu saa. Nusu saa nzima nilikuwa na jambo la kusema na sikulisema. Mimi na baba mkwe tunaheshimiana kiasi kwamba hata kumtazama machoni kwa muda mrefu ni utovu wa adabu, sembuse kumwambia habari za makalio yake. Nilijiambia mila hainiruhusu. Lakini shemeji zangu walikuwepo, hatua chache mbele yetu, ningeweza kumnong'oneza mmoja naye akamwambia baba yake. Ningeweza kuvua koti langu nikasema njia ina vumbi, baba, jifunge hili kiunoni. Sikufanya, kwa sababu ningesema kuna doa, ningeulizwa limetoka wapi. Nilijificha nyuma ya mila, na nilijua ninajificha. Leah alikuwa mbele kabisa na wanawake wenzake, yeye hakuona kitu.

Kanisani alikaa kiti cha mbele, nikaanza kupata matumaini. Kisha akaitwa kuongoza sala. Akainuka, akaenda mbele, akapiga magoti akiielekea madhabahu, akatupa mgongo sisi wote. Halafu mabenchi yakaanza kutikisika. Alikuwepo mama mmoja mtu mzima, shemeji yake, na shemeji kwetu ni watani, hawachagui mahali. Akasema kwa sauti ambayo yeye aliiona ni ndogo, "Mzee Nkwabi, chungu cha nani hicho ulichokikalia?"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Hata mchungaji alifunika uso kwa kitabu. Leah aliinua kichwa, akaliona duara, kisha akageuka kunitafuta mimi kwa macho. Baba mkwe alimaliza sala yake yote bila kuruka neno, akavua koti, akalifunga kiunoni, akarudi kukaa.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda. Akakipitisha kidole, akakitazama kidole, akanitazama mimi.

"Ulikuwa unatembea nyuma yangu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Njia nzima."

"Ndiyo, baba."

Akaingia ndani. Hakugomba, na ningetoa ng'ombe ili agombe. Usiku ule Leah aliniambia neno moja tu, mficha uchi hazai, akanigeuzia mgongo akalala.

Nilirudi Kirumba nikamsimulia Mzee Majura. Alicheka mpaka akaweka tezo chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alipomaliza kujifuta machozi akaniuliza, "Kiwanda, wewe mwenyewe ulikikalia?"

Nikasema sikukikalia.

"Kwa nini?"

Nikafikiri, nikamjibu kweli kabla sijajizuia. "Nilikuwa nimevaa suruali nzuri."

Hakucheka tena. Nami nikasikia nilichokisema. Nilijua. Moyoni nilijua tangu Leah alipogusa kile kigoda, na nikampelekea mtu mwingine akakikalia kwa suruali yake.

Kesho yake akanituma Bujora, kwenye yale makumbusho ya Wasukuma. "Nenda ukatazame vigoda vya wakubwa wa zamani. Usitazame urembo. Tazama pamekaliwa wapi." Nilikwenda. Vilikuwa vyeusi kweli, vinang'aa, lakini weusi wake ulikuwa mzito katikati na mwepesi pembeni, mahali ambapo mtu hafiki. Ulitokana na watu kukaa, na mikono, na mafuta ya mwili, miaka na miaka. Nilisimama pale nikaona upumbavu wangu wote. Nilikuwa nimejaribu kununua uzee kwenye kopo.

Niliporudi, Mzee Majura alipanda kwenye paa la kibanda chake akashusha gogo la mninga. Alikuwa amelihifadhi misimu mingi, vichwa vyote viwili vimepakwa kinyesi cha ng'ombe ili unyevu utoke polepole lisipasuke. Hiyo ni siri ya bure, ichukueni. Mti mbichi ukiuanika juani unapasuka, ukiuweka kivulini na kuziba vichwa, unakauka kwa subira. Lile gogo alikuwa amejiwekea mwenyewe. Nilimwambia siwezi kulichukua. Akasema, "Nimezeeka, Kiwanda. Kigoda changu nitakikalia wapi, kwenye mtumbwi? Chonga."

Nilichonga muda mrefu kuliko nilivyotaka. Nilisugua kwa msasa mkubwa, kisha mdogo, kisha kwa kitambaa cha kaniki. Badala ya rangi nilitumia mafuta ya pamba, yale ya kukamua mbegu, ambayo wakati ule yalikuwa yanapatikana kila mahali kwa vile wanunuzi wapya walikuwa wamefungua vinu vyao. Unapaka kidogo, unasugua mpaka kiganja kinapata joto, unaacha, unarudia kesho. Mti ule ukatoka na rangi ya chai yenye maziwa kidogo, na nyuzi zake zikaonekana zote. Kisha nikavaa suruali yangu ya harusi, ambayo ilikuwa nyeupe, nikakikalia. Nilikikalia wiki nzima. Majirani walidhani nimeanza ulokole wa aina mpya.

Siku ya sita nikaona ufa. Ulikuwa kwenye mguu mmoja, mwembamba kama uzi, unaanzia juu na kuishia katikati. Nilishika tama. Kuna dawa yake, unachanganya unga wa mbao na gundi unaziba, unasugua, hakuna macho yatakayouona. Nilikwisha kuandaa gundi. Pamba ilikuwa imevunwa, barua ilikuwa imefika kwamba mzee anakuja Jumamosi. Nilikaa na ile gundi mpaka ikakauka kwenye kijiti. Leah alikuwa ananitazama tu akichambua mchele.

Jumamosi baba mkwe alifika. Alikuwa amevaa suruali ile ile. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi, na lile duara lilikuwa limefifia, lakini lilikuwepo, na alikuwa amepanda nalo gari kutoka Magu mpaka Mwanza mchana kweupe. Tukasalimiana. Nikaleta kigoda uani, mbele ya Leah na majirani wawili na Mzee Majura, aliyejifanya amepita tu.

Akakishika ili aketi. Nikasema, "Baba, kabla hujakaa."

Akasimama.

"Si mpingo. Ni mninga. Na mguu huu una ufa." Nikapiga goti nikamwonyesha kwa kidole. "Nimekikalia wiki nzima, ufa haujasogea. Nadhani kitakubeba. Lakini upo, na sikutaka uuone mwenyewe."

Aliinama akautazama. Akapitisha ukucha juu yake, kisha akapitisha kiganja juu ya kiti chenyewe, akakitazama kile kiganja pande zote mbili. Akaketi. Leah akamletea chai. Aliinywa yote, akiongea na Mzee Majura habari za mvua na bei za pamba, kana kwamba mimi sipo. Mimi nilikuwa natokwa jasho kwenye kivuli.

Halafu akainuka, na akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mkwe yeyote wa Kisukuma tangu nizaliwe. Alinigeuzia mgongo, akanyanyua pindo la shati lake, akasema, "Tazama."

Nikatazama chini.

"Mabula, nimekwambia utazame. Halafu useme."

Nikainua macho. Nilitazama makalio ya baba mkwe wangu mbele ya mke wangu na majirani, kwa heshima yote niliyokuwa nayo. Nikasema, "Pasafi, baba. Ipo ile rangi ya Pasaka tu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakikalia kigoda tena bila kukitazama. "Ile ya Pasaka," akasema, akijifuta macho. "Laiti ungeniambia kwenye uzio, ningerudi nikabadili. Rangi nilikusamehe siku ile ile, mwanangu. Ile njia nzima ndiyo iliyonishinda kumeza."

Nikalia, wanangu, sitawaficha. Nililia kwa aibu na kwa furaha, vyote pamoja, na Mzee Majura akatazama upande wa ziwa kunistahi.

Habari ya shamba la pori haikutajwa tena. Kesho yake asubuhi baba mkwe alivaa suruali nyingine, akabeba kigoda chake begani, akaondoka kwenda stendi. Alikikalia mpaka siku zake za mwisho, na katikati kikaanza kuwa cheusi chenyewe. Ufa haukusogea. Asubuhi ile ile, alipokwisha kuondoka kwenda stendi, Leah alikuja na ile suruali imekunjwa vizuri juu ya mikono yake miwili.

"Baba ameiacha," akasema. "Amesema nimpe fundi."

Nikamwuliza fundi gani.

Leah akanitazama, akaniwekea suruali mapajani, akaenda zake jikoni.

Basi ndiyo hiyo kwenye msumari. Nyie siku hizi mna mashine za umeme na vanishi za kila rangi, sizikatai, hata mimi ninayo mashine moja pale kwenye kona. Inafanya kazi haraka na inafikisha kosa haraka pia. Lakini katika karakana hii kila anayemaliza kigoda chake cha kwanza anavaa ile suruali na kukikalia mbele ya wenzake, kisha anageuka, na mwenzake anasema alichokiona. Inawapwaya wengi wenu, mtafunga kamba. Mvua imepungua. Jiwe lile pale, na maji yamo kwenye kopo.